Rezista mpya ya tatu ya blowa imeungua. Nibadilishe na mota niweke kubwa zaidi?

#1 Kizibo
Wakuu, salaam kwenu.

Nina gari dogo la mwaka 2004, kiyoyozi chake ni kile cha kuzungusha kitufe kutoka 1 hadi 4, si hivi vya kisasa vinavyojipangia vyenyewe. Asubuhi moja niliweka 2, kimya. 1, kimya. 3, kimya. Kufika 4, upepo ukatoka kama hakuna kilichotokea. Fundi akasema, bila hata kufungua droo, kwamba rezista ya blowa (kipunguza umeme wa feni ya kiyoyozi) imekata. Kweli, tukaweka mpya, mambo yakawa shwari.

Miezi minne baadaye yakajirudia. Tukaweka nyingine, hiyo haikumaliza hata miezi miwili. Ya tatu nimeiweka mwenyewe wiki tatu zilizopita, na jana nikiwa kwenye foleni nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikazima kila kitu, nikainama chini ya dashibodi upande wa abiria. Konekta ya mota imegeuka rangi, upande mmoja ni kahawia kama mkate uliosahaulika, na ule upande plastiki imeyeyuka ikashikamana na temino, ile pini ya chuma ya ncha ya waya. Rezista nayo imekata tena.

Wazo langu: niachane na hii mota, nitafute ya gari kubwa zaidi, ile ya van, niifunge hapa. Upepo utaongezeka na pengine haya ya kuungua yataisha. Kuna aliyewahi kufanya hivi?

#2 Mchokozi
Mkuu, mbona rahisi. Konekta zimechoka hizo. Kata konekta, unganisha waya moja kwa moja, zungushia tepu. Fyuzi ikisumbua weka ya 40. Mimi langu liko hivyo mwaka wa pili, linapuliza hadi miwani inataka kuruka.

#3 Tumbo la Gereji
Ngoja wataalamu waje. Nipo pale nimekaa.

#4 Dada Mita
Mchokozi, tafadhali usimuue mwenzio. Fyuzi haipo kulinda mota, ipo kulinda waya. Waya wa kiwandani umepimwa kwa fyuzi yake. Ukiweka ya 40 mahali pa 30, siku mota ikikwama kitakachokatika kwanza si fyuzi, ni waya, na waya huo unapita nyuma ya dashibodi kwenye sponji na plastiki.

Kizibo, karibu. Umesoma dalili moja tu kati ya mbili. Kwamba namba 4 inafanya kazi na nyingine hazifanyi, ndiyo, ni rezista, kwa sababu 4 haipitii rezista, inakwenda moja kwa moja. Hapo fundi wako alikuwa sahihi. Lakini rezista tatu ndani ya miezi saba si rezista mbovu. Hizo zinauawa, na muuaji bado yumo ndani ya gari.

Nikuoneshe kwa hesabu, ni nyepesi. Rezista ni koili za waya zinazoila sehemu ya umeme ili mota ipate kidogo. Tuseme kwenye namba 3 koili ina ukinzani wa omu 0.4, na mota nzima, yenye afya, inavuta ampea 12. Joto kwenye koili ni ampea mara ampea mara omu: 12 × 12 × 0.4, karibu wati 58. Hiyo ni pasi ya kulehemu imekaa ndani ya njia ya hewa, na haiungui kwa sababu upepo wa blowa yenyewe unaipooza. Sasa mota ikiwa nzito, bushi (pete inayobeba shafti, yaani mhimili wa mota) kavu, ikavuta ampea 16 badala ya 12, joto linafika wati 102. Ampea zimeongezeka kwa theluthi, joto limekaribia maradufu. Na mota nzito inazunguka polepole, kwa hiyo upepo wa kupooza nao umepungua. Rezista inakaangwa huku feni imezimwa, kama ungependa kuisema hivyo.

Rezista nyingi zina fyuzi ya joto iliyochomelewa juu ya bodi. Ikizidi kiwango inakata, na haijirudishi. Ndiyo maana 1, 2 na 3 hufa kwa pamoja, hata kama koili zenyewe ukizitazama ni nzima.

Konekta nayo ni hesabu ileile. Temino ikilegea au ikishika kutu, ikapata omu 0.1 tu, kitu ambacho mita ya kawaida haitakuonesha vizuri, kwa ampea 20 hapo pini inazalisha wati 40. Pini ndogo kama ukucha. Plastiki itafanya nini?

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Unayo mita?

#5 Kizibo
Mita ninayo dada, ile ya kawaida ya vijiti viwili. Ampea nafikiri inapima mwisho 10.

#6 Dada Mita
Usiipitishe humo, utachoma mita. Azima ile ya koleo, inayoshika waya kwa nje. Ila angalia iwe inasoma umeme wa moja kwa moja. Nyingi zinasoma umeme wa nyumbani tu, ukiishika kwenye waya wa gari itakuambia sifuri na utaamini.

Vijiti vyako vinatosha kwa jambo la pili. Washa injini, blowa kwenye 4. Kijiti kimoja kwenye ncha chanya ya betri, kingine choma kwa nyuma ya konekta kwenye waya chanya wa mota. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea njiani. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi: ncha hasi ya betri na waya hasi wa mota. Kila upande ukiwa chini ya nusu volti, hakuna neno. Na rezista iliyokata haikuzuii, kwa sababu 4 haipiti huko.

Kingine: ukiona konekta za njano maeneo hayo, usiziguse na usizipime. Hizo ni za mifuko ya hewa. Siku ya kufungua mota, toa hasi ya betri kwanza na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuingiza mkono.

#7 Kipepeo2
Naomba kuchangia. Mimi naona hata hamjamuuliza kuhusu filta ya hewa ya ndani. Filta ikiziba mota inalemewa, inavuta umeme mwingi, ndiyo inaunguza. Langu lilikuwa hivyo, nilitoa filta ina vumbi hadi imekuwa godoro.

#8 Dada Mita
Kipepeo2, filta ni kweli aiangalie, lakini sababu uliyoitoa imegeuka. Blowa hii si panga la feni ya dari, ni gurudumu la mapezi mengi madogo linalonyonya hewa katikati na kuitupa pembeni. Kazi yake ni kubeba hewa. Ukiziba njia, hewa ya kubeba imepungua, mzigo unashuka, mota inazunguka kasi zaidi na inavuta ampea chache zaidi. Chukua mashine ya kufyonza vumbi, ziba mdomo wa bomba kwa kiganja: mlio unapanda, si kushuka. Mota imepumzika.

Filta iliyoziba inaua rezista, si mota. Upepo unaopita juu ya koili unakuwa mdogo. Na pia inagandisha evaporeta, ile rejeta ya ndani inayopoza hewa, kwa sababu hewa ya kutosha haipiti kuipa joto, barafu inashika kwenye mapezi yake, na baada ya nusu saa ya safari upepo unafifia kabisa. Ukizima dakika kumi unarudi. Watu wengi hapo huambiwa gesi imeisha.

#9 Kipepeo2
Aisee. Hii ya mashine ya kufyonza nimeijaribu sasa hivi, ni kweli. Nimekaa darasani.

#10 Kizibo
Mrejesho.

Nimeazima koleo. Kwenye 4: ampea 24. Volti zinazopotea upande wa chanya 0.6, upande wa hasi 1.9. Betri ilikuwa 13.8, kwa hiyo mota inapata 11.3 tu, na hapo hapo inavuta 24. Fyuzi ya kiwandani ni 30.

Nikaona nisilale, nimefungua. Droo ya dashibodi inatoka kwa kubinya mbavu mbili kwa ndani, inaning'inia. Nyuma yake mota inatazama chini kama sufuria iliyopinduliwa, imeshikwa na skrubu tatu. Ya tatu iko mahali ambapo aliyebuni gari alikuwa amegombana na mkewe. Bisibisi ya kawaida haiingii, nimetumia fupi ya kimo cha kidole gumba nikageuza robo kwa robo.

Kushusha tu, majani makavu yakamwagika usoni. Ndani ya gurudumu nimetoa kiganja kizima: majani, mabawa ya wadudu, na kitu kama pamba ambacho nadhani panya alianza kujenga. Kati ya mapezi vumbi limeshika hadi kila pezi limekuwa nene mara mbili. Nikishika shafti na kuzungusha kwa vidole, haiendi. Inasogea, inakwama, inasogea, na kuna sauti ya mchanga. Ukiiachia haizunguki hata robo.

Pia kuna kibati kidogo kimebanwa kwenye pezi moja, nimekitoa nikidhani ni uchafu.

#11 Dada Mita
Rudisha kibati! Hicho ni uzani wa kusawazisha. Gurudumu linasawazishwa kiwandani kama matairi, ukikitoa dashibodi itatetemeka kwenye 4 hadi uitukane. Rudisha kwenye pezi lilelile. Unalikumbuka?

#12 Kizibo
Nalikumbuka, vumbi limeacha alama yake. Nimekirudisha dada, samahani.

#13 Mzee wa Kaboni
Vijana hamjambo. Dada Mita amemaliza hesabu, mimi niongeze ya mkono.

Kijana, ampea 24 ukiwa na volti 11 ni mota inayosukuma mlima. Kabla hujaitupa, ifungue. Mota nyingi za namna hii, kopo lake limekunjwa meno manne kwenye mdomo. Yanyooshe taratibu kwa bisibisi bapa, mara moja tu, ukiyapinda na kuyarudisha mara tatu yanakatika. Kabla ya kutenganisha weka alama ya kalamu kopo na mfuniko, ili ukirudisha ukae palepale.

Angalia vitu vitatu. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka: kama bado ndefu kuliko nusu ya mpya, na springi yake inasukuma bila kusita, iache. Kama ile mota ilikuwa inasimama na ukiipiga ngumi inaamka, hapo kaboni zimekwisha. Yako haikuwa hivyo, nadhani utakuta bado zipo. Komyuteta, ile ngoma ya shaba kaboni zinapokanyaga: ikiwa nyeusi, ipitishie msasa laini wa karatasi, namba 600, huku unazungusha. Usitumie msasa wa chuma ule mweusi wa kitambaa, chembe zake zinapitisha umeme zikibaki kwenye mifereji. Mifereji yenyewe isafishe kwa kijiti cha meno. Kisha bushi.

Hapo kwenye bushi ndipo watu wanapokosea. Bushi hizi ni za shaba ya unga iliyoshindiliwa, zina vitundu visivyoonekana vinavyoshika oili. Ukipaka grisi unaziba vitundu; itazunguka vizuri wiki mbili kisha inakauka vibaya kuliko mwanzo. Hiyo dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu nayo si oili, inaosha iliyobaki na kuondoka. Safisha, pasha bushi joto kidogo kwa mashine ya kukausha nywele, weka matone mawili matatu ya oili nyepesi ya mashine, acha ipoe ikiwa inainywa. Utaona tone linazama. Ongeza hadi likatae kuzama, kisha pangusa. Oili ikimwagika kwenye komyuteta umejiharibia.

Shafti ikiwa na mkwaruzo unaoshika ukucha, hapo usijisumbue, tafuta mota nyingine.

#14 Tumbo la Gereji
Mzee, kwa nini asiweke tu mpya? Muda wote huu wa kijiti cha meno.

#15 Mzee wa Kaboni
Aweke, sijamkataza. Lakini akiifungua atajua kilichoiua. Akiweka mpya huku majani yanaendelea kuingia na konekta inaendelea kula volti mbili, atarudi hapa na rezista ya nne.

#16 Kizibo
Mzee, shikamoo. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Kaboni zimebaki milimita 9, sijui mpya ni ngapi lakini springi ina safari ndefu bado. Bushi ya chini, upande wa gurudumu, ilikuwa kavu kabisa na ina vumbi la kahawia la kutu. Nafikiri maji. Tone la kwanza la oili limezama kabla sijainua mkono. Yamezama matano.

Sasa shafti nikiizungusha kwa vidole inaenda mizunguko mitatu na nusu, inasimama polepole, kimya. Nimekaa nikiizungusha kama mtoto.

Konekta: waya ndani ya ganda ulikuwa mweusi kwa kimo cha vidole viwili, shaba imekuwa ngumu, ukiipinda inakatika. Nimekata hadi nilipoona shaba inang'aa. Nimeweka temino mpya na ganda jipya, nimebana kwa koleo la temino. Kesho nafunga.

#17 Mzee wa Kaboni
Marahaba. Hiyo kutu ya maji uitafute kwa juu. Chini ya kioo cha mbele, kwenye ule mfereji wa wipa, kuna matundu ya kutolea maji. Majani yakiziba, maji yanapanda hadi mdomo wa kuingizia hewa na kumwagikia mota. Majani uliyotoa na kutu ya bushi ni ndugu.

#18 Kizibo
Wakuu, nimefunga. Na nimechanganyikiwa.

Rezista mpya (ya nne, naomba msicheke). Kasi zote nne zinafanya kazi. Mota inalia vizuri, laini, hakuna mkwaruzo. Mfereji wa wipa nimeusafisha, nimetoa matope kama uji. Filta ni mpya. Lakini UPEPO HAKUNA. Yaani upo, ila kwenye 4 nasikia kama zamani kwenye 1. Mngurumo mwingi, upepo wa mtu anayepuliza chai. Nimejaribu miguuni, usoni, kioo, kote ni vilevile. Nimebadilisha hewa ya nje na ya ndani: sauti inapanda kidogo nikiweka ya ndani lakini upepo ni uleule.

Baridi ipo. Ukiweka mkono karibu kabisa ni baridi kali.

#19 Mchokozi
Si niliwaambia? Mota imekufa, hizi za kufungua hazirudi. Ile ya van ndiyo jibu.

#20 Kipepeo2
Inawezekana evaporeta imeziba? Yale majani yote kabla ya filta kuwekwa yalikwenda wapi.

#21 Tumbo la Gereji
Au milango ya ndani ya kugawa hewa, kuna moja imevunjika wakati wa kufunga.

#22 Kizibo
Kipepeo2, nimefikiri hivyo pia, lakini kabla ya kufungua upepo haukuwa mbaya hivi. Evaporeta haiwezi kuziba kwa usiku mmoja. Milango naisikia ikigeuka. Ampea nimepima: 12 kwenye 4. Nilifurahi kuona 12, sasa sijui nifurahie nini.

#23 Pangaboi
Inazunguka upande gani?

#24 Kizibo
Unamaanisha?

#25 Pangaboi
Waya mbili za mota. Ulipoweka ganda jipya ulihakikisha ipi inaenda wapi?

#26 Dada Mita
Pangaboi umepiga palepale, na mimi nimeona ampea 12 nikapita kama kipofu.

Kizibo, mota ya kaboni yenye sumaku za kudumu ukiibadilishia chanya na hasi haiungui, inazunguka kinyume tu. Na gurudumu la namna hii likizunguka kinyume halinyonyi kutoka kwenye matundu ya upepo kama watu wanavyodhani. Bado linatupa hewa nje, upande uleule, kwa sababu hewa inatupwa kwa kuzungushwa. Ila mapezi yamepinda kwa kuelekea upande mmoja. Yakienda kinyume yanaiparaza hewa badala ya kuichota, na ile nyumba yake ya umbo la konokono nayo inaielekeza hewa vibaya. Kelele nyingi, hewa kidogo, ampea chache kwa sababu kazi inayofanyika ni ndogo.

Bahati yako mota hiyo haina dayodi (kipitisha umeme cha upande mmoja tu) ndani. Zipo zilizo nayo, ungeona fyuzi inaruka papo hapo.

#27 Kizibo
Nimetoka kubadilisha pini. Dakika nne.

Karatasi zote zilizokuwa kwenye dashibodi ziko kiti cha nyuma.

Vipimo, betri 13.8: upande wa chanya unapoteza 0.5, wa hasi 0.2. Mota inapata 13.1. Ampea 17 kwenye 4. Kutoka 24 kwa volti 11.3 hadi 17 kwa volti 13.1, na upepo ni mkubwa kuliko nilivyowahi kuusikia tangu ninunue hili gari. Mke wangu ameuliza nimeweka kitu gani kipya.

Pangaboi, ulijuaje?

#28 Pangaboi
Nilifanya hivyo hivyo. Nilibadilisha evaporeta nzima kabla ya kugundua.

#29 Tumbo la Gereji
😭😭😭 Evaporeta nzima.

#30 Kizibo
Pole sana mkuu. Swali la mwisho kwa wote: lile la mota kubwa nimeliacha, lakini nataka kuelewa. Je, halifanyiki kabisa?

#31 Dada Mita
Linafanyika, na watu wanafanya. Lakini uwe umeshapima volti kwanza, kwa sababu mara nyingi upepo unaoutafuta unapotea kwenye waya. Wewe ulikuwa unapoteza 2.5, sasa 0.7. Umepata mota kubwa bila kuinunua.

Ukiamua kubadilisha, skrubu tatu kulingana ni jambo dogo. Urefu wa shafti na kipenyo chake, kimo cha gurudumu ndani ya nyumba yake lisikwaruze juu wala chini, na upande wa kuzunguka. Gurudumu lililopinda mapezi kushoto kwenye nyumba ya kulia utarudi palepale ulipokuwa jana. Kisha kile kimrija cha mpira au kijitundu kinachopeleka hewa kidogo kwenye kopo la mota kuipooza: kama mota mpya inakihitaji na nyumba yako haina, itapika kaboni zake. Na mota zenye waya tatu, hasa zile zisizo na kaboni, zinasubiri ishara kutoka kwenye kompyuta ya kiyoyozi. Ukizipa chanya na hasi tu zitakutazama.

Na ikivuta 25 au zaidi, basi swichi, rezista na konekta zote zilizopangwa kwa 18 ziko matatani. Hapo kwenye namba 4 unaweka relei, swichi inayoamshwa na umeme mdogo: waya wa milimita za mraba 4 kutoka betri, fyuzi yake karibu kabisa na betri, swichi ya zamani ibaki kazi ya kuamsha relei tu. Hii relei hata kwa mota ya kawaida, kwenye magari ya zamani ambayo namba 4 yote inapita ndani ya swichi, ni marekebisho mazuri kuliko mota yenyewe. Swichi inapona na volti zinarudi.

Halafu usitarajie baridi zaidi. Upepo ukiongezeka, hewa inapita haraka juu ya evaporeta na inatoka na joto kidogo zaidi mdomoni. Gari linapoa haraka kwa jumla, lakini kipimajoto mbele ya tundu hakitakusifu.

#32 Kipepeo2
Na wale wanaoondoa rezista wakaweka moduli ya transista?

#33 Dada Mita
Wazo zuri, ndivyo magari mengi ya kiyoyozi cha kujipangia yalivyo. Moduli ya aina inayowasha na kuzima umeme mara nyingi mno kwa sekunde haipotezi joto jingi kama koili. Lakini inahitaji kitu cha kuiamuru, na inahitaji dayodi ya kurudisha umeme wa mota kila inapozima, la sivyo transista inakufa siku ya kwanza. Na usiitoe kwenye mkondo wa hewa ukaifunga pembeni kwa sababu skrubu zinakubali, nayo ina bati la kupooza. Kwa gari lenye kitufe cha 1 hadi 4, rezista ya omu sahihi kwenye mota nyepesi inakaa miaka.

#34 Mchokozi
Samahani wakuu, sitaki kuvuruga uzi. Hivi ile mita ya koleo, unashika waya mmoja au zote mbili?

#35 Dada Mita
Mmoja. Ukishika zote mbili zinafutana, utasoma sifuri. Kwa nini?

#36 Mchokozi
Basi tu. Nimepima langu, namba 4. Inasoma 31.

#37 Dada Mita
Fyuzi uliyoweka ni 40. Ya kiwandani ilikuwa ngapi?

#38 Mchokozi
25.

#39 Dada Mita
Na waya umeunganisha kwa tepu.

#40 Mchokozi
Nimeugusa sasa hivi. Ni wa moto, tepu inateleza.

#41 Dada Mita
Zima. Toa hiyo fyuzi uiweke mfukoni. Kesho uje na mota ikiwa mkononi.

#42 Mzee wa Kaboni
Na kijiti cha meno.